Mgongo Uliosalimiwa Kila Asubuhi

Katika nyumba ya fundi Springi, kila asubuhi wa kwanza kusalimiwa alikuwa mgongo. Mwenyewe hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Mkewe alifungua pazia na kuuliza, "Mgongo umeamkaje?" Binti yao kitinda mimba, aliyebaki nyumbani baada ya dada zake kuolewa, alipita na mswaki mdomoni akauliza hivyo hivyo, maneno yakitoka na povu. Mama mkwe alipiga simu kila Jumapili, na hata kabla hajaitikia "shikamoo" vizuri alikuwa ameshataka kujua mgongo wa mkwewe unaendeleaje. Mgongo nao ulikuwa na majibu yake. Umeamka vibaya. Umeamka afadhali. Haukulala kabisa. Kwa miaka mitatu uliishi mle ndani kama mgeni mkubwa aliyekataa kuondoka, una kiti chake, una godoro lake, na una saa zake ambazo watu wote walitakiwa kutembea kwa ncha za vidole.

Jina la Springi alipewa na wateja. Alikuwa fundi makochi, na kochi aliloliwekea springi yeye unaweza kulikalia miaka kumi na watoto wako wakalirukia na lisibonyee. Karakana aliimiliki pamoja na mwenzake, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye watu walimwita Mkasi kwa sababu alikata kitambaa kwa macho tu, bila kupima, na hakukosea. Walikuwa pamoja miaka kumi na tisa.

Kisha ikaja ile siku ya ngazi. Walikuwa wanashusha kochi la watu watatu kutoka ghorofa ya tatu, Springi akiwa upande wa chini na Mkasi upande wa juu. Kwenye kona Mkasi akayumba, kochi likamponyoka, likamshukia Springi na kumbana ukutani. Pingili moja ya uti wa mgongo ikapata ufa. Alilala hospitalini wiki tano. Baada ya miezi sita daktari alizinyanyua picha zake mbele ya taa, akatabasamu, akasema mfupa umeunga vizuri kuliko alivyotarajia.

Maumivu hayakuwa yameziona hizo picha. Yaliendelea kama kawaida yao, na mwaka wa pili yakazidi. Wapo watu watakaosema alikuwa anadeka. Hao ningependa waseme hivyo wakiwa wamelala chali sebuleni saa tisa mchana, jasho likiwatoka, wakisubiri mwiba uliokwama kiunoni uamue kulegea. Springi hakudeka. Aliumwa kweli, na nyumba nzima ikaumwa naye. Mkewe alimfunga kamba za viatu. Kitinda mimba alimbebea hata gazeti. Siku moja aliinama kuokota kijiko, watu wakapiga kelele "Acha!" kwa pamoja, na kwa mshtuko ule mgongo ukakaza mpaka kesho yake.

Mkasi alikuja kumwona mara mbili tatu mwanzoni. Mkewe Springi alimkaribisha kwa mkono mmoja na kumfukuza kwa macho mawili. Baada ya hapo hakuja tena.

Basi siku moja mkewe alirudi kutoka sokoni, akaweka kapu chini na kuvuta mdomo.

"Nimekutana na yule mwenzako aliyekuangusha," alisema.

"Amesemaje?"

"Kasema mengi, mimi sikumjibu. Kiwanda cha samani kimemwita. Wanataka jibu mwisho wa mwezi ujao. Akienda huko karakana inafungwa. Eti anakuuliza wewe kwanza, utarudi au hutarudi? Anasema vifungo hawezi kufunga peke yake."

Hapo ni lazima nieleze, maana mtu asiyejua makochi atadhani Mkasi alikuwa anatafuta kisingizio. Kochi la vifungo ni kazi ya watu wawili, hakuna ujanja. Mmoja anasimama mbele, anakididimiza kifungo kwenye sponji. Mwingine anachuchumaa nyuma, anaupokea uzi uliopitishwa kwa sindano ndefu, anauvuta na kuufunga kwenye mbao. Kati yao limesimama egemeo la kochi, kwa hiyo hawaonani. Wanachokuwa nacho ni sauti na uzi. Ukivuta kwa pupa, kifungo kinazama kikapotea. Ukilegeza, kinaning'inia. Mkasi alikuwa amejaribu vibarua, na mmoja wao alivuta mpaka kifungo kikatokea upande wa pili. Springi na Mkasi walikuwa wamefunga maelfu, na mambo mengi ambayo wanaume hawaambiani uso kwa uso waliambiana kupitia sponji.

Mle ndani ya nyumba Springi alipendwa, alilishwa, alifunikwa. Lakini karakana ndiko alikokuwa mtu mwenye mikono, na sasa alikuwa na wiki saba tu za kujua kama atakuwa mtu huyo tena.

*

Dada wa mazoezi ya viungo wa pale hospitalini alikuwa binti wa umri wa mwana wa kwanza wa Springi, mwenye viatu vya raba na kucha fupi. Springi alikuwa ameshapita kwa wataalamu sita kabla yake, akaingia chumbani mle akiwa tayari kuvua shati na kugeuzwa geuzwa. Binti yule alimgeuza kidogo tu. Alimwinamisha, akamwinua, akambonyeza hapa na pale, kisha akaketi mbele yake.

"Baba, kwa siku moja unaulizwa mara ngapi kuhusu mgongo?"

"Ah, mara moja, mara mbili."

"Hesabu kesho, halafu uniambie."

Alihesabu. Kufikia chakula cha mchana zilikuwa kumi na nne. Aliacha kuhesabu zilipofika ishirini na sita, baada ya muuza mkate, mtu asiyemjua hata jina, kumpa chenji na kumuuliza mgongo vipi.

"Ishirini na sita," alimwambia dada yule wiki iliyofuata, akiona aibu kidogo.

"Sawa. Sasa nisikilize, na ukiona nakosea nikatize. Ulipoumia, mwili wako uliweka mbwa mlangoni. Ulifanya vizuri. Kazi ya mbwa ni kubweka mtu akikaribia mahali pabovu. Pale mahali pamepona, lakini mbwa hajaambiwa. Amezoea. Sasa anambwekea hata mwenye nyumba akirudi na mkate. Na kila anayekuuliza mgongo vipi anautikisa mnyororo wake."

Springi alihisi damu ikimpanda kichwani. "Kwa hiyo unasema yamo kichwani mwangu. Miaka mitatu najisingizia."

"Sijasema hivyo, na atakayesema hivyo umkatalie. Maumivu ni ya kweli. Mbwa akibweka usiku kucha, kelele ni za kweli, hulali. Ninachosema ni kwamba mwizi hayupo."

Alimtazama usoni, akaona binti hatanii. Katika miaka mitatu watu walikuwa wamemwambia mambo mawili tu, ama kwamba amevunjika, ama kwamba hana kitu. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia kwamba anaumwa na amepona, yote mawili, kwa pumzi moja. Hakuelewa sawasawa, lakini alijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuaminiwa.

Masharti aliyopewa yalikuwa machache. Mazoezi madogo asubuhi, ya kuinama na kujinyoosha bila kuogopa. Kila siku atembee mpaka karakana, hata kama hagusi nyundo, akakae na watu waongee mambo mengine. Akiumwa apumzike, kisha aendelee. Na kwa wiki tatu mtu yeyote wa nyumbani asiulize habari za mgongo.

"Hata mama watoto?" Springi aliuliza.

"Hasa mama watoto," alisema dada wa mazoezi.

*

Mkewe alilipokea sharti lile kama mtu aliyeambiwa asipumue. Lakini alikuwa mwanamke wa neno lake, na kesho yake alifungua pazia, akafungua mdomo, akaufunga. "Jua limetoka," alisema. Kitinda mimba alipita na mswaki, akasimama, akapunga mkono, akaenda zake. Jumapili mama mkwe, aliyekuwa ameonywa kwa ukali na binti yake, alizunguka weee, akauliza mvua, akauliza maji ya bomba, mwisho uzalendo ukamshinda. "Hebu niambie tu, baba," alisema, "huko upande wa nyuma hakujambo?" Mkewe akampokonya mumewe simu.

Ilipofika siku ya nne, nyumba ilikuwa imenyamaza kama maji mtungini. Walikula chakula cha jioni, vijiko vikagonga sahani, hakuna aliyesema kitu. Springi alimtazama mkewe, mkewe akaitazama chumvi. Ndipo alipotambua jambo lililomkata maini. Hawakunyamaza kwa sababu ya sharti. Walinyamaza kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kumwambia. Miaka mitatu walikuwa wanapiga soga na mgongo, na yeye alikuwa amekaa mbele yake tu.

Akajikaza kisabuni. "Eti," alimwambia kitinda mimba, "masomo ya biashara yanaendaje?"

Binti alimtazama mama yake. Mama yake akaitazama chumvi tena.

"Baba, niliacha biashara. Nasoma ufundi bomba."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana! Na mimi niko wapi?"

"Ulikuwepo. Siku niliyotaka kukuambia hali yako ilikuwa mbaya, mama akasema tusikusumbue. Kesho yake pia. Halafu muda ukapita, nikaona aibu kuanza."

Springi aliweka kijiko chini. Alimshika binti yake mkono, akaugeuza kiganja, akakuta sugu mbili ngumu chini ya vidole, sugu za mtu anayeshika spana kila siku. Yeye, aliyesoma mikono ya mafundi maisha yake yote, alikuwa amekula meza moja na mikono hii mwaka mzima asiione. Macho yakamlowa, na hakuyaficha.

"Una mikono mizuri," alisema.

"Na mimi ni mwenyekiti," mkewe akasema ghafla.

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa kikundi chetu cha akina mama. Wamenichagua mara mbili."

Hapo ukafunguka mfereji. Kumbe binti yao wa kwanza aligombana na mumewe, akarudi nyumbani siku tatu kwa kisingizio cha kuja kumuuguza baba, wakasuluhishwa, akaondoka. Springi hakusikia ugomvi wala suluhu. Kumbe jirani wa juu amehama na aliyeingia ni mpiga tarumbeta, na zile kelele alizodhani ni za mabomba ni mazoezi. Kumbe, kumbe, kumbe. Kila walichomficha kwa huruma walikitoa mezani, na vingine vilikuwa vya kuchekesha kiasi kwamba kitinda mimba alishika mbavu. Springi alicheka pia. Alicheka kwa mwili mzima, jambo ambalo kwa miaka mitatu aliliogopa kuliko ngazi.

Vyombo vilipokwisha kuoshwa ndipo alipokumbuka kwamba amekaa kwenye kiti cha mbao, kisicho na mto, kwa karibu saa mbili. Alipokumbuka tu, mgongo nao ukakumbuka, ukamng'ata. Lakini alikuwa ameshaona. Mbwa alikuwa amesinzia saa mbili nzima, na hakuna mtu aliyeibiwa.

*

Kwenda karakana kulikuwa shughuli nyingine. Siku tano mfululizo alitembea mpaka kwenye kona, akasikia nyundo ya Mkasi ikigonga, akageuza. Alimwambia mkewe kwamba amechoka. Kweli alikuwa na sababu yake, lakini ilikuwa sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Siku ya sita mvua ilimkuta pale konani bila mwavuli, ikamlazimisha kukimbilia ndani. Hakukimbia hasa, alitembea haraka kwa aibu. Harufu ya gundi na sponji mpya ikampiga usoni, na kifua kikamfunguka.

"Umekuja," alisema Mkasi.

"Nimekuja."

Mkasi alifuta stuli kwa kiganja, akaisogeza. Hakuuliza habari za mgongo. Hakujua lolote kuhusu sharti la dada wa mazoezi. Aliogopa tu jibu. Waliongea habari za bei ya mbao na za mpiga tarumbeta, mvua ikakatika, Springi akaondoka. Kesho yake akarudi. Alipanga misumari kwa ukubwa wake. Siku iliyofuata alikata uzi. Wiki ya pili alisimamisha stuli fupi nyuma ya kochi la kijani, akaketi mahali alipozoea kuchuchumaa, na Mkasi upande wa pili akadidimiza kifungo cha kwanza.

"Vuta."

Akavuta, akafunga. Vidole havikuwa vimesahau kitu.

Siku hiyo walifunga vifungo sita, na kabla ya ajali walikuwa wakifunga sitini kwa siku. Maumivu yalikuja kwenye kifungo cha nne. Springi akasimama, akazunguka karakana mara tatu, akapumua kama alivyofundishwa, akarudi akafunga viwili. Nyumbani alilala kama gogo. Wiki iliyofuata vifungo vilikuwa kumi na viwili, wiki baada ya hiyo ishirini, kisha kumi na tano, maana mambo haya hayapandi kama ngazi. Alinenepa mashavu. Mkewe, ambaye sharti la wiki tatu lilikwisha na akasahau kwamba limekwisha, alimuuliza kila jioni habari za karakana, na akamsimulia za kikundi, na wakachelewa kuzima taa kama vijana.

Furaha hiyo ndiyo iliyomfanya ashindwe kuvumilia. Mtu akiwa na huzuni anaweza kukaa na uongo nyumba moja. Akifurahi, uongo unaanza kunuka. Zilikuwa zimebaki siku tano mwezi ufike mwisho, na Mkasi hakuwa amesema kama atakwenda kiwandani au la. Walikuwa kwenye kochi la bluu, kifungo cha tisa, egemeo limesimama katikati yao.

"Mkasi."

"Vuta."

"Nimevuta. Nataka kukuambia jambo la siku ile ya ngazi."

Upande wa pili Mkasi alikishikilia kifungo.

"Si wewe uliyeachia. Ni mimi niliyeacha kuhesabu."

Mkasi alijua maana yake, na sasa nawe ujue. Aliye juu anaposhusha kochi haoni miguu yake. Aliye chini ndiye macho yake, na kila hatua anaitamka kwa sauti: ngazi, ngazi, ngazi, sakafu. Asipoitamka, mwenzake anatembea gizani na mzigo mikononi.

"Uliacha kwa nini?" Sauti ya Mkasi ilitoka kwa mbali.

"Yule mama mwenye kochi alikusifu wewe peke yako. Alisema, 'Mkasi, mikono yako ina baraka.' Na springi zile zote nilizifunga mimi, siku nne. Nikanuna."

"Ukanuna."

"Nilinuna. Nikasema moyoni, leo atafute ngazi mwenyewe. Nilinyamaza ngazi tatu tu. Ya tatu ilikuwa ya kona."

Uzi ulikuwa umekaza kati yao. Springi aliusikia ukitikisika.

"Funga fundo," alisema Mkasi.

Akafunga. Mkasi akazunguka egemeo, na Springi akauona uso wake. Hakuwa amewahi kumwona na uso ule.

"Mkeo hajaniitikia salamu miaka mitatu," alisema. "Watoto wako wakiniona wanavuka barabara. Na mimi nikasema ni haki yao, nilimwangusha baba yao. Kila nikishika kitu kizito mikono inatetemeka. Nimekwenda hospitali mara mbili, nimepimwa, nimeambiwa mikono haina ugonjwa. Nikajua ni adhabu. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kwa sababu ulinuna."

Alivua mkanda wa zana, akautundika ukutani, akatoka.

*

Springi alimwambia mkewe siku ile ile, akiwa bado amesimama mlangoni. Alitegemea kilio. Mkewe hakulia. Alimtazama tangu kichwani hadi miguuni, akasema, "Nimemnyima mtu salamu miaka mitatu kwa ajili ya mdomo wako uliofungwa," na jioni yote hakumuuliza chochote, si cha mgongo wala cha karakana. Kesho yake asubuhi alivaa nguo yake ya mikutano, akaenda nyumbani kwa Mkasi. Walichoongea sikijui. Alirudi macho mekundu, akamwekea mumewe chai bila kumtazama, lakini akaitia sukari.

Mkasi alirudi kazini. Siku tatu alisema maneno ya kazi tu: vuta, shika, legeza, bado. Springi alishukuru hata hayo. Hakuomba asamehewe haraka. Alivuta, akashika, akalegeza.

Sasa ningefurahi kukwambia kwamba alipotoa la moyoni mgongo ukapona. Dunia ingekuwa rahisi sana. Siku ya mwisho ya mwezi, siku ambayo kiwanda kingepiga simu kutaka jibu, Springi aliamka na maumivu makali kuliko yote ya miezi miwili. Alikaa ukingoni mwa kitanda dakika ishirini kabla ya kuvaa soksi moja. Mkewe alisimama mlangoni, mikono imejikunja kifuani, na kila kitu usoni mwake kilikuwa kinauliza.

"Leo ni siku mbaya," Springi alisema mwenyewe.

"Naona," alisema mkewe. Ilimgharimu, lakini hakusema alale. "Nikuletee soksi ya pili, au utaifuata?"

"Nitaifuata."

Njia ya dakika kumi aliitembea nusu saa. Dada wa mazoezi alikuwa amemwambia kwamba siku kama hizi zitakuja, na zikija asijiulize kwa nini, ajiulize tu leo mwili unaweza nini. Alipofika karakana alikuwa na jibu: ulikuwa unaweza kulala chali. Zaidi ya hapo, hapana.

"Leo vifungo siviwezi," alimwambia Mkasi. "Kuketi kumenishinda, kusimama pia. Ninachoweza ni kulala."

Mkasi alimtazama. Kisha akatazama kochi la bluu, lililokuwa limebakiza kile kitambaa cheusi cha chini kinachoficha mbao na springi. Alilinyanyua upande mmoja, akaliegemeza juu ya vigoda viwili virefu, akafanya hivyo upande wa pili, akatandika vipande vya sponji sakafuni chini yake. Springi alishuka kwa magoti, kwa kiwiko, kwa ubavu, akaugulia, akajisukuma mpaka akawa chini ya kochi kama makanika chini ya gari. Mkasi akamtupia uzi na sindano iliyopinda. Miguu tu ndiyo iliyobaki nje.

Walifanya kazi hivyo saa nzima, mmoja juu akipaka gundi, mmoja chini akishona. Maumivu yalikuwepo, na mshono ulikuwa unakwenda.

Simu ya Mkasi ililia. Mikono yake ilikuwa na gundi, akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikasikika kwa wote wawili.

"Fundi, habari za kazi? Leo ndiyo siku tuliyokubaliana. Tukutegemee?"

Chini ya kochi, sindano ilisimama. Springi alitazama springi zilizo juu ya uso wake, moja moja, na hakupumua.

"Hapana," alisema Mkasi. "Siji."

"Sasa mbona ulituambia huna mtu?"

"Sikuwa naye. Sasa ninaye."

"Yupi, yule wa mgongo? Bwana wee, nasikia hawezi hata kusimama."

"Ni kweli, leo hawezi," alisema Mkasi. "Amelala chini. Anashona."

Akaikata simu kwa kiwiko. Springi alikuwa ameibana sindano kwa midomo ili avute uzi, kwa hiyo hakuweza kusema kitu, na machozi, kwa kuwa alikuwa amelala chali, yalimwingia masikioni. Akasikia Mkasi akisogeza kopo la gundi, kisha mguu wa mwenzake ukamgusa kwenye soli ya kiatu, si kwa nguvu.

"Shona basi, unangoja nini?" alisema Mkasi. "Mwenye kochi anakuja saa nane."